Simu ya Shangazi Imeibwa

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ukiacha kiuno changu ambacho kimeamua kustaafu kabla yangu. Wifi yako anakusalimu na anasema lile sweta ulilomfumia bado linamtosha. Mimi nimeamriwa nisicheke. Binti mkubwa amepata kazi duka la dawa. Mdogo anasoma, au ndivyo tunavyojipa moyo. Juzi nilipita kwako. Wapangaji wamepaka ukuta wa mbele rangi ya samawati, wameng'oa maua yako na pale sasa pamelala pikipiki. Vinginevyo nyumba imesimama.

Najua watu hawaandikiani barua siku hizi, lakini nifanyeje? Nikipiga simu yako, mkamwana wako ndiye anayepokea, mwanao anasikiliza, na mjukuu anakata. Na simu yangu mimi imejaa watu. Ndiyo maana naandika.

Unajua kwamba jioni, nikishafunga karakana na kuziacha friji za watu zipumue, huwa naandika hadithi. Naipeleka kwenye kundi la simu, sehemu moja kila Jumanne na Ijumaa, na wasomaji huchangia. Ni habari ya bibi harusi aliyeolewa katika nyumba yenye geti la rimoti, na rimoti anaishika mama mkwe. Geti ni la nyumba ya mwanao. Nililiona siku ile nilipokuja kukutembelea, nikaliazima.

Sasa kosa langu ni hili. Sehemu ya kwanza niliianza hivi: "Wanangu, mimi shangazi yenu nimeona mengi, kaeni niwaambie." Anayesema pale ni msimulizi, mtu wa kubuni. Asubuhi nikakuta ujumbe: "Shangazi, leta mwendelezo!" Na mwingine: "Shangazi, Mungu akulinde." Nikasema nitawasahihisha kesho. Kesho hiyo imefika mwaka wa pili, Dada. Wananiuliza namna ya kuishi na mawifi. Mmoja aliniuliza habari za kunyonyesha, ikabidi nimwite mke wangu ajibu.

Wasomaji wangu wengi wako mji huo wako. Kiongozi wao, wanamwita Mwenyekiti, ana saluni. Wamekubali kulipia nakala zao mapema ili nichapishe kitabu mwenyewe, maana wachapishaji niliowapelekea hawakujibu hata kwa kunikataa. Sharti lao ni moja: wamwone Shangazi kwa macho. Wanasema mitandaoni kumejaa matapeli. Wana haki, tapeli mwenyewe ni mimi.

Nakuomba uwe mimi kwa mchana mmoja. Kaa, tabasamu, kunywa chai. Ukiulizwa lolote sema, "Mtayaona mbele." Ndilo jibu langu kwa kila kitu, hata mke wangu amelichoka.

Mdogo wako, mwenye aibu kidogo na tumaini kubwa.


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Wananitunza vizuri sana. Sipiki, sifui, sifagii. Chumba changu kina dirisha kubwa, na sasa wameniletea humo meza ya kupigia pasi na ile baiskeli ya mazoezi isiyokwenda popote, kwa hiyo siko peke yangu. Mjukuu ameongeza meno mawili na anayatumia.

Barua yako ilikaa ofisi ya vifurushi kwa sababu mwanangu hakupata nafasi ya kunipeleka. Peke yangu hawapendi nitoke, wanasema magari ni mengi.

Nimekwenda huko ulikonituma. Mwenyekiti alikuja kunichukua kwa gari lake. Mkamwana akabonyeza rimoti, geti likafunguka, tukatoka, basi. Saluni ilikuwa imejaa wanawake, wengine vichwa vimo ndani ya mashine za kukaushia, na waliponiona walitoka kwenye zile mashine na rola zao vichwani wakaja kunikumbatia. Nimelowa maji ya nywele za watu nisiowajua.

Ulisema nitabasamu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Halafu muuza vitambaa mmoja akaniuliza, "Shangazi, kwa nini huyu bibi harusi hatoki?" Nikasema mtayaona mbele. Akasema, "Shangazi, hiyo mbele tumeipita siku nyingi!" Wakacheka wote. Mimi nikaweka kikombe chini, nikawaambia: atatoka.

Usikasirike. Wakati huo nilikuwa sijasoma hata sehemu moja. Sasa nimezisoma zote, kwa simu ya mkamwana. Kumbe naye ni msomaji wako! Aliposikia kwamba Shangazi ni mimi alikaa chini. Anadhani yule bibi harusi ni yeye, na yule mama mkwe mkorofi nimejichora mwenyewe kwa kutubu. Sikumsahihisha. Tangu siku hiyo anabisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwangu.

Unaandika vizuri, ila unapenda mno kueleza mawingu.

Dada yako.


24 Aprili

Dada,

Shikamoo tena, na mawingu yangu yanakusalimu. Kiuno hakijambo. Wifi yako alicheka barua yako mpaka akaishiwa pumzi, hasa pale pa kutubu, na sasa kila nikitoka chooni ananiita Shangazi. Ila hukunijibu habari ya wapangaji na maua. Au barua ilifika bila ukurasa huo?

Fedha za nakala zimetosha, nakushukuru sana. Lakini wewe na ahadi zako! Nilikutuma ukanywe chai, ukaenda ukafungua geti. Sasa kila nikiwasha simu: "Shangazi uliahidi, anatoka lini?" Dada, hatoki. Mwisho ninao kichwani tangu zamani, na ndio uliofanya niianze hadithi yote. Siku moja geti litaharibika, litabaki wazi asubuhi nzima, yeye ataliangalia, kisha atarudi ndani kuanua nguo. Ndivyo ilivyo. Watu hawatoki, Dada. Huzoea.

Jambo lenyewe ni hili. Mchapaji anataka jalada. Aliniuliza, "Jina la mwandishi?" Nikamwambia nitarudi kesho. Akasema, "Mzee, hilo si swali gumu."

Nina miaka hamsini na mbili. Maisha yangu yote nafanya kazi nyuma ya vitu. Mwenye friji huona mlango na taa ikiwaka; mimi naona vumbi na koili, yale mabomba ya kupozea, na mende aliyehamia na ukoo wake. Silalamiki, nimelea watoto kwa hilo vumbi. Lakini kitabu hiki nimekitoa mimi, kwa jioni zangu mimi, na ningependa mara moja tu mtu akishike mkononi aone jina langu pale mbele. Wifi yako anasema hicho ni kiburi. Nimemwambia ni kidogo, hakitaonekana.

Kwa hiyo Ijumaa hii nitawaambia ukweli kundini. Watanicheka kidogo, kisha watazoea. Wewe huna la kufanya. Umeshanisaidia vya kutosha, tena umepitiliza.

Mdogo wako.


12 Mei

Dada,

Shikamoo. Hatujambo, wewe hujambo? Mjukuu hajambo? Basi. Leo salamu ni fupi kwa sababu nimefukuzwa.

Ile Ijumaa niliandika ujumbe mrefu na wa adabu. "Wapendwa wasomaji, mimi si shangazi. Ni mwanamume, fundi wa friji, baba wa watoto wawili. Naomba radhi kwa kuchelewa kusema." Nikautuma, nikangoja kuchekwa.

Wa kwanza kujibu aliandika: "SIMU YA SHANGAZI IMEIBWA!"

Kabla sijavaa miwani ujumbe ulikuwa unashuka kama maji ya bomba lililopasuka. "We mwizi, rudisha simu ya mama wa watu!" "Huna hata haya, kumwibia bibi kizee!" Bibi kizee ni wewe, samahani, mimi nanukuu tu. Nikaandika: nawaapia ni mimi. Mmoja akasema, "Mwizi gani huyu anaweka nukta na mkato?" Nikapata moyo. Mwingine akamjibu, "Amesoma ujumbe wa Shangazi, anaiga."

Nikapiga picha yangu pale karakanani, kitambaa cha vumbi kimenifunika mpaka puani, nimeshika bisibisi na nyuma yangu friji tatu. Wakasema, "Mnaona? Na friji kaiba!"

Nikasema nitawathibitishia. Nikakaa chini nikaandika pale pale kipande kipya cha hadithi, bibi harusi anakunja mashuka. Kipande kizuri, Dada, nilikiona mwenyewe ni kizuri. Muuza vitambaa wako akajibu: "Anajaribu, lakini hana moyo wa Shangazi." Kisha Mwenyekiti, ambaye nilimpa usimamizi mwenyewe baada ya kikao chenu cha chai, akanitoa. Kundi langu. Hadithi yangu. Nimesimama nje kama muuza ufagio.

Nimepiga simu kwako mara kadhaa. Mkamwana anasema, "Mama amepumzika." Siwezi kumweleza yeye, si na yeye ni msomaji? Tafadhali, mpigie Mwenyekiti. Neno moja tu: ni yeye. Wakilisikia kwako watanirudisha.

Mdogo wako, jambazi.


6 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua zako za Aprili na Mei nimezipata siku moja, tena nilimwambia mkamwana abonyeze rimoti, nikazifuata mwenyewe ofisi ya vifurushi, kwa miguu. Magari si mengi kama wanavyosema.

Pole kwa uliyoyapata. Nami nikueleze kwa upande wangu, usinikatize.

Ijumaa ile ile, jua halijazama, Mwenyekiti alikuja hapa na wenzake wanne, wanahema. Mkamwana akawaletea chai. Wakanizunguka pale sebuleni, wakanishika mikono, wakaniuliza, "Shangazi uko salama? Simu yako iko wapi?" Simu yangu ilikuwa juu ya kabati, mbele ya macho yao, walidhani ni ya mkamwana. Mkamwana ananiangalia. Mwanangu naye alikuwa ametoka kazini, kasimama mlangoni na tai yake, ananiangalia.

Nikasema imeibwa.

Usiniulize kwa nini.

Wamenichangia simu mpya. Naiweka mfukoni mwa gauni, naipokea mwenyewe. Namba sikupi, maana ukinipigia utanisema, na mimi sina umri wa kusemwa. Sehemu zilizobaki nitumie kwa karatasi, nitazipeleka kundini kama zilivyo. Kila Jumamosi Mwenyekiti anakuja kunichukua kwa mazungumzo ya wasomaji. Nitawaambia ukweli, ngoja nitafute siku nzuri.

Sikukujibu habari ya maua kwa sababu hakuna cha kujibu.

Umeandika kwamba watu hawatoki, huzoea. Nimeisoma sentensi hiyo.

Dada yako.


27 Juni

Dada,

Shikamoo. Wifi yako anasema nisikuandikie nikiwa na hasira, kwa hiyo nimengoja, na bado ninayo kidogo. Ichukulie kama chumvi.

Nimekuwekea humu sehemu zote mpaka ile ya mwisho. Geti linaharibika, linabaki wazi, anarudi ndani kuanua nguo. Nimepunguza mawingu, kwa heshima yako.

Mchapaji anamaliza kupanga kurasa. Jalada limebaki na pengo chini ya picha, na kila siku ananiuliza kama mwandishi ameshazaliwa. Hakuna mwingine wa kuniondoa kwenye shimo hili. Nikiwaambia mimi, ni mwizi. Akiwaambia mke wangu, ni mke wa mwizi. Umebaki wewe. Siku nzuri ni siku yoyote ile, Dada, ilimradi iwe kabla ya mashine kuwashwa.

Nina swali jingine lakini nitaliacha.

Mdogo wako.


25 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na hiyo chumvi nimeionja.

Sehemu zako nimezipeleka zote. Ile ya mwisho nilirekebisha mahali padogo. Geti linaharibika, linabaki wazi, analiangalia, kama ulivyoandika. Nguo ziko kambani. Nimeziacha kambani. Anachukua mkoba wake anatoka, anatembea mpaka kituoni, anapanda basi, anakaa dirishani. Kondakta anamuuliza, "Mama, unashukia wapi?" Anasema, "Twende kwanza." Hapo nikaishia. Ni mistari michache, lakini ilinichukua siku nne, na sasa nakuheshimu zaidi.

Kundi zima lililia. Mkamwana alilia jikoni, akaja akanikumbatia, kisha akanipa rimoti ya geti. Alikuwa nayo ya ziada muda wote.

Habari za nyumbani. Wasomaji wa miji mingine mitatu wananialika, Mwenyekiti ameshapanga safari. Mwanangu amesema, "Mama, mbona hukutuambia kwamba wewe ni mtu mkubwa namna hii?" Huyu ndiye aliyeniambia kila nilipoomba kurudi kwangu kwamba mtu wa umri wangu hakai peke yake. Sasa anasema mwandishi anahitaji utulivu. Wapangaji wamepewa notisi. Wataondoka mwisho wa mwezi ujao. Nitapanda maua upya, usiniletee pikipiki yoyote pale.

Nilikuja hapa kumpokea mjukuu, nikaambiwa wiki mbili. Wewe unajua nimekaa muda gani. Hukuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kukuambia, kwa hiyo tusilaumiane.

Sasa, jina lako. Ni haki yako na kila neno ni lako, ukitoa ile mistari ya basi. Mimi niliazimwa kwa mchana mmoja. Niandikie tu "waambie", nami nitawaambia wote, kuanzia Mwenyekiti hadi mwanangu, na yatakayofuata nitayapokea. Begi nimeshalifunga, lakini begi hufunguka.

Nakungoja, ila usijibu haraka.

Dada yako.


30 Agosti

Dada,

Shikamoo. Huku wazima. Binti wa duka la dawa ameanza kuleta nyumbani kijana mmoja anayesema "ndiyo mzee" hata nisipouliza kitu. Kiuno changu amekitafutia mafuta, kwa hiyo sijamfukuza.

Ulisema nisijibu haraka, nikatii kupita kiasi. Ukweli ni kwamba nilikuandikia barua ya kwanza yenye neno "waambie", nikaibeba mpaka ofisi ya vifurushi, nikarudi nayo. Nikaandika ya pili ya kujifanya mkarimu, nayo ilininuka mwenyewe. Mwishowe nilikwenda kwa mchapaji nikamwambia aandike "Shangazi". Nyuma kuna picha yako, ile ya saluni, una rola moja sikioni ambayo sijui ni ya nani. Usiwaambie. Si kwamba nimefurahi. Kuna asubuhi naamka nimekasirika kabla sijakumbuka nimekasirikia nini. Lakini nilipita kwako jana, wapangaji wanafunga magodoro.

Kuhusu mistari ya basi: nilichukia. Nikaisoma tena, nikachukia. Nimeiacha.

Kitabu kinakwenda. Mchapaji anauliza cha pili cha Shangazi kitatoka lini, na Mwenyekiti, kwa taarifa yako, amewatangazia watu kwamba tayari unakiandika. Basi nimekaa hapa kwenye benchi langu nakiandika. Ningefanyaje? Nikiandika kwa jina langu watasema naiga.

Leo asubuhi aliletwa mama mmoja na friji yake. Mwanawe aliishusha akaenda zake. Mama akaamua kungoja. Akatoa kitabu mkobani. Kilikuwa chenyewe.

"Fundi, umekisoma hiki?"

"Nimekipitia."

"Kisome vizuri. Umpe na mkeo. Hiki mwanamume hawezi kukiandika, haiwezekani. Nyinyi hamuyaoni mambo haya."

Nikasema ni kweli, hatuyaoni. Akaniuliza kama anisomee ukurasa wa mwisho wakati nafanya kazi, maana yeye akiusoma mwenyewe kimyakimya humtoa machozi. Nikamwambia aanzie ukurasa wa kabla yake, ule wangu wa mwisho kabla ya mistari yako.

Akaufungua, akautazama. "Huu haujanigusa sana," akasema. Lakini alikuwa mtu wa heshima, akanisomea, polepole, mpaka mwisho wake, nami nikazima feni nisikie.

Karibu nyumbani.

Mdogo wako.